Vilima Kando ya Mlima

Maabara, 3 Machi

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Salamu hizi zimfikie na Mama. Sisi huku wazima, isipokuwa bomba linalovuja juu ya meza yangu. Tumelitegea ndoo, na sasa ndoo hiyo ndiye mfanyakazi pekee asiyeomba ruhusa.

Najua utasema, "Chiriku kunyamaza kiasi hiki? Basi pana jambo." Jambo lipo. Nimepewa kichujio cha mwanga nikibuni mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Ni cha kifaa cha kunusa gesi katika mgodi wa makaa ya mawe. Kule chini gesi hutoka kwenye miamba bila harufu wala rangi, na ikishajaa, cheche moja yatosha. Tunataka kupeleka mwanga chini kwa uzi wa kioo, upite kwenye hewa ya mgodi, kisha urudi juu. Gesi ile humeza rangi moja ya mwanga, tena rangi isiyoonekana kwa macho. Rangi hiyo ikififia, king'ora kinalia. Shida ni mvuke wa maji, maana nao humeza rangi za jirani, na mgodi ule una unyevu kama bafu. Kwa hiyo kichujio lazima kiwe chembamba: kichukue rangi ya gesi, na majirani wote kiwafungie mlango.

Nimetumia njia uliyotufundisha. Ndani ya uzi mwembamba kama unywele tunachora, kwa mwanga mkali wa leza, mistari maelfu kwa maelfu iliyopangana sawasawa. Kila mstari hurudisha mwanga kidogo mno, karibu na bure. Lakini ile rangi inayoafikiana na nafasi ya mistari hurudishwa na yote kwa pamoja, ikapata nguvu. Nyingine hupita zikaenda zao. Kadiri nilivyorefusha safu ya mistari, ndivyo rangi inayorudi ilivyozidi kuwa nyembamba.

Mchoro wa kipimo nimekuwekea humu. Mlima wa rangi inayorudi umesimama katikati, mwembamba hadi nimejisifu peke yangu. Sasa tazama kando zake, chini kabisa. Unaona vile vilima vidogo? Hapo ndipo nilipokwama. Ni kelele, yaani mitikisiko tu ya mashine ya kupimia, au ni vya kichujio chenyewe? Mashine yetu ni kizee, nilipima mara moja tu, kisha ikaharibika ikapelekwa kutengenezwa. Fundi wa leza anasema ni kelele. Mkurugenzi angependa iwe kelele, maana watu wa mgodi wanamsukuma. Mimi roho inasita.

Ukisema kelele, tunaendelea. Ukisema vilima, naanza upya, na Mkurugenzi atanuna hadi mwakani. Jicho lako nimelijua siku zote, nalitegemea hilo.

Mwanao,
Chiriku


Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Usishangae mwandiko, ni wa Mama. Mkono wangu umeanza ukaidi wa uzee, basi mimi nasema na yeye anaandika, na nikizidisha maneno ananiambia karatasi inakwisha.

Nimefurahi kwamba kazi ni yako mwenyewe. Ulistahili zamani.

Mchoro wako ni mzuri, na mlima umesimama vizuri. Hivyo vya kando visikunyime usingizi: ni kelele ya mashine. Mashine ikizeeka hunung'unika kama mimi. Endelea.

Ila usisahau joto. Uzi ukipata joto, nafasi za mistari hutanuka na rangi yako itahama. Ufunge kwenye kasha litakalobana kadiri uzi unavyotanuka, la sivyo kichujio chako asubuhi kitanusa gesi na mchana kitanusa jirani yake.

Ulisema mwaka jana ungekuja kutusalimia Aprili. Usijisumbue, tunapaka nyumba rangi, kila kitu kiko juu chini.

Mwalimu wako


Maabara, 28 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Asante kwa jibu. Nilipowaambia, "Mwalimu amesema ni kelele," mjadala ukafa palepale. Hata Mkurugenzi alitabasamu, na kwake hilo si jambo la kila wiki. Vichujio tumeshavitengeneza vyote, tukavifunga kwenye makasha kama ulivyosema. Mwisho wa Aprili vinashuka mgodini.

Nilikwenda kule kuangalia mahali pa kuvifunga. Msimamizi wa zamu ni mwanamke mpana mwenye sauti ya tarumbeta. Alinionyesha king'ora chao cha zamani: kimezibwa kwa soksi. Kilikuwa kinalia ovyo kila unyevu ukizidi, hadi watu wakachoka. Akaniambia, "Mwanangu, king'ora muongo ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Asiyekuwa nacho hutazama mwenyewe." Nikamhakikishia kwamba hiki hakitadanganya.

Nikuambie ukweli, Mwalimu? Jibu lako lilinifurahisha na kunihuzunisha. Zamani mchoro wangu ungerudi umejaa wino mwekundu, utadhani umechinjiwa kuku. Safari hii umerudi mweupe kama ulivyotoka. Ama mimi nimekua, ama wewe umenichoka. Kama ni la pili, niambie tu, nitalia kidogo kisha nitazoea.

Poleni na rangi za kuta.

Chiriku


Nyumbani, 9 Aprili

Mwanangu,

Barua hii Mwalimu haijui. Yuko barazani anasikiliza redio, nami nimekaa jikoni kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Mkono wake hauumwi. Ni macho. Yalianza kama ukungu pembeni, tukadhani miwani. Daktari akasema ni mshipa wa jicho unaokufa, na ukishakufa haurudi. Sasa anajua dirisha liko wapi wakati jua linapowaka, basi. Tunaojua ni daktari, mimi na yeye. Watu wakija anawageukia kwa sauti zao, anacheka, anawasindikiza hadi mlangoni huku kidole chake kikifuata ukuta, nao wanaondoka hawajagundua. Hakuna rangi inayopakwa hapa. Alikuogopa wewe tu, maana wewe ungegundua.

Siku mchoro ulipofika alinishikisha, akasema, "Nieleze." Nikamwambia naona kama mnara, na chini yake vikunyanzi. "Vikunyanzi vya namna gani?" Nikasema vikunyanzi tu, mimi ni mwalimu wa ushonaji, nijue wapi? Akapitisha kidole juu ya karatasi, akanirudishia. Kisha akasema, "Andika kelele." Nikaandika.

Juzi nilimsomea barua yako ya pili. Nilipofika kwenye soksi aliinuka kunywa maji, akamimina nje ya glasi, akaendelea kumimina. Nikamwambia, "Baba, tumwambie mtoto." Akajibu, "Nikimwambia, ataanza kunihurumia. Atakuwa ananiuliza ili nifurahi, si ili ajue. Hapo nitakuwa nimekwisha."

Mimi sijui kama vikunyanzi vyako ni vibaya au vizuri. Ninachojua ni kwamba aliyevihukumu hakuviona, na chini ya mgodi kuna watoto wa watu. Fanya unavyojua. Ila naomba usimwambie ni mimi. Tumeishi pamoja maisha yetu yote na sijawahi kumwendea kinyume.

Mama


Maabara, 2 Mei

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nina habari, na si nzuri sana, lakini zimewahi kabla ya kuwa mbaya.

Kwa bahati tu nilirudia kipimo. Mashine yetu ilirudi kutoka kwa mafundi, nami nikasema ngoja niijaribu kwa kichujio kimoja. Vilima vilikuwa palepale. Nikapima tena, palepale. Kisha nikaushikisha uzi kwenye kikombe cha chai ya moto. Mlima ukasogea, na vilima vikasogea nao, kama vifaranga nyuma ya mama yao. Kelele ya mashine ingebaki ilipo. Basi si kelele. Ni vya kichujio, na kupitia kwavyo mvuke wa maji ungeingia na king'ora kingelia kila ukungu ukitanda.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamwambia vifaa visishuke. Akauliza, "Si ulisema Mwalimu wako ameshaamua?" Nikamjibu kwamba kipimo kilikuwa changu na mchoro ulikuwa wangu, na kosa ni langu. Alisema maneno ambayo sitayaandika, Mama asije akayasoma. Mwishowe alipiga simu mgodini. Sanduku lilikuwa limeshafika getini, wakalirudisha.

Kwa hiyo naanza upya. Msiwe na wasiwasi nami.

Chiriku


Nyumbani, 11 Mei

Chiriku,

Hii naiandika mwenyewe, rula chini ya mkono ili mistari isipandane. Ukikuta neno limepanda mgongoni mwa jingine, literemshe taratibu.

Unasema ulirudia kipimo "kwa bahati tu". Mimi nimekufundisha. Hujawahi kufanya kitu kwa bahati, hata chai unaikoroga kwa mpango. Nikamuuliza Mama. Hakukana. Nikamnunia siku nzima, naye akaendelea kushona, cherehani kikimjibia. Nilichoka kabla yake. Kumnunia mtu usiyemwona ni kazi ngumu: hujui kama anajali.

Sioni. Haya, nimeliandika.

Usidhani upofu ndio uliokupotosha. Kipofu angeweza kukujibu, "Mchoro wako siuoni, pima tena." Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu. Nikayameza, nikachagua jibu lililonilinda mimi, nikawaacha watu wa mgodini bila ulinzi. Kisha ukasimama mbele ya bosi wako ukalibeba kosa langu kama mzigo wako. Hilo limeniuma kuliko macho.

Usinitumie tena michoro. Tafuta mwalimu mwenye macho.

Salamu ziishie hapa.


Maabara, 17 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na Mama asome kwa sauti bila kuruka hata neno.

Barua yako nimeisoma yote. Kuna neno moja tu lililokataa kuteremka, nami nimelichukulia kuwa ni tusi.

Uliogopa nitakuhurumia. Ondoa hofu, nimekasirika. Nilipojua, nilifunga mlango wa stoo nikalia kwa hasira, kisha nikalia kwa lile lingine, kisha nikanawa uso nikaenda kupima upya na kusimamisha sanduku. Hasira ninayo bado. Nikija nitakuonyesha. Lakini hasira haiwezi kunisahihishia mchoro, na ninahitaji mtu wa kunisahihisha.

Unasema nitafute mwenye macho. Mwanga huu, Mwalimu, nani anauona? Si mimi, si Fundi wa leza, si Mkurugenzi na miwani yake miwili. Sote tunaupapasa kwa mashine. Wewe ndiye uliyetufundisha kupapasa.

Sikiliza nilichofanya. Mistari yangu ilikuwa inaanza ghafla na kukoma ghafla, kama ukuta, na hapo kwenye kingo ndipo vilima vilipozaliwa. Sasa nimeianzisha hafifu, inakolea polepole hadi katikati, kisha inafifia tena hadi inapotea. Mlima ulinenepa kidogo, basi nikauongezea uzi urefu hadi ukakonda tena. Hesabu inasema vilima vimezama. Kipimo kinasema hivyo. Nataka na wewe useme.

Kwenye bahasha kuna kadibodi mbili. Nimeushona mchoro kwa uzi mnene ili uufuate kwa kidole: moja ina ule wa zamani, ya pili ina ule mpya. Sitashusha kifaa hadi nipate jibu. Na kama hujui, sema hujui.

Chiriku


Nyumbani, 30 Juni

Mwanangu,

Anayeandika ni mimi, Mama, na yeye yupo hapa ananikatiza kila sentensi.

Kwanza, la kwangu. Mshono wako ni aibu. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufumulisha wote. Hilo nimelisema, sasa nina amani.

Kadibodi ilikaa mezani bila kuguswa hadi nikadhani itageuka kuwa kitambaa cha meza. Jumamosi, nikiwa naosha vyombo, nikasikia kimya cha ajabu. Nikachungulia. Alikuwa ameinamia ule mchoro wa zamani, kidole kinapanda, kinateremka, kinapanda. Akasema peke yake, "Loo. Vilima. Tena vimejipanga." Nikarudi jikoni, sikutaka ajue nimesikia.

Sasa ya kwake, nayaandika kama anavyoyasema. "Mwambie ule mpya umeshuka vizuri upande wa kulia. Mteremko umekwenda hadi chini, laini. Upande wa kushoto, karibu na mguu wa mlima, nimekuta kitu. Kidogo, lakini kipo."

Nikamwambia, Baba, hapo naona fundo la uzi.

"Fundo?"

Fundo. Amefunga uzi akasahau kukata.

Amecheka hadi ameshika meza. Kisha akauliza kama nina hakika. Nikasema ni fundo, lakini chini ya fundo kuna nini, mimi sijui. Akarudisha kidole juu ya fundo. Kisha, mwanangu, akasema, "Basi andika: sijui. Apime tena hapo, upande wa kushoto, mara kadhaa, uzi ukiwa baridi na ukiwa moto. Nimemaliza."

Nimemaliza.

Mama


Maabara, 21 Septemba

Mwalimu na Mama, wapendwa wangu,

Shikamooni. Nilipima upande wa kushoto hadi Fundi wa leza akatishia kuhama nchi. Palikuwa pasafi, na fundo ni la kwangu. Vifaa vilishuka Julai.

Juzi jioni Msimamizi wa zamu alinipigia simu, na kwa sauti yake ile hata ndoo ilitikisika. Asubuhi yake king'ora kililia kwenye njia moja ya pembeni. Mchimbaji mmoja akasema, "Ah, kimeanza." Wakaendelea na makoleo. Yeye Msimamizi akawaambia, "Hiki hakijalia hata siku moja tangu kifungwe. Ukungu umetanda mara ngapi, kimelia? Wekeni vitu chini." Wakatoka, wakilalamika njia nzima. Kumbe mkanda wa feni ya kule ulikuwa umekatika, na hewa haisogei. Waliposhusha kipimo cha mkononi, gesi ilikuwa imejaa tele. Feni ikatengenezwa, wakangoja hewa isafike, mchana wakarudi kazini. Mmoja amejigonga goti akipanda ngazi. Basi, majeruhi ni goti.

Akauliza, "Wewe ndiye uliyekitengeneza?" Nikasema ndiyo, na mwalimu wangu alikikagua. Akasema niwape salamu zake wote waliohusika, na mke wa mwenye goti naye anasalimu.

Nakuja mwezi ujao. Msinipe habari za rangi. Nakuja na vijana wawili wapya wa maabara, wanadhani wanajua kila kitu. Nataka uwararue, Mwalimu, kama ulivyoturarua sisi.

Chiriku


Nyumbani, 4 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako nilimsomea, akaomba nirudie pale watu wanapotoka. Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya mwisho alishika mkono wangu, akakaa nao.

Njooni. Wale vijana waje na michoro yao, na uwafundishe kukata uzi baada ya kufunga fundo.

Leo asubuhi alisema barua hii ataipeleka posta mwenyewe. Nikasema nitampeleka. Akachukua fimbo, akanishika kiwiko, tukatoka. Barabarani yule jirani yetu mshona viatu akapaza sauti, "Mwalimu! Habari za siku nyingi?" Nikajiandaa kumnong'oneza ni nani, kama ninavyofanya siku zote.

Akasimama. Akageuza uso kule sauti ilikotoka, akasema kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Nzuri, ndugu yangu. Macho yangu yamekufa, sikuoni. Nani wewe?"

Yule bwana akaacha kiatu alichokuwa anakishona, akavuka barabara, akamshika mkono, akajitaja jina. Wamesimama hapo nje bado wanaongea, nami namalizia barua hii juu ya kaunta ya posta.

Mama